Sahihi Niliyoweka Bila Kupiga Magoti

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, umande ukiwa bado umeganda mweupe juu ya nyasi, Mkuu wa maabara yetu alinifungulia Daftari la Hatari, akalaza kalamu katikati ya kurasa, akaniambia niweke sahihi. Niliweka. Ningeweza kumjibu, "Tumngoje Mzee Ambwene, anarudi Jumatatu." Hakuna ambaye angenifukuza kazi kwa maneno hayo. Sikuyasema, na tangu siku ile nimeyasema mara nyingi sana nikiwa peke yangu, mahali ambapo hayamsaidii mtu.

Mliponiaga mwezi uliopita, ninyi vijana niliofanya nanyi kazi katika maabara za chuo kikuu, mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nadhani mlitaka mambo ya kuchekesha, nayo yapo. Habari za vyeo nitaziacha. Aliyepanda anajua alivyopanda, na asiyepanda hapendi kukumbushwa. Nitaandika habari za miaka ya hamsini tu, miaka yangu ya kwanza, kwa sababu yote niliyowafundisha kuhusu usalama niliyapata huko. Mengi nilifundishwa. Moja nililipata kwa kukosea, na aliyeumia si mimi.

Mimi ni mtu wa Kalenga. Nilisoma sekondari Iringa, nikamaliza, nikakaa nyumbani msimu mmoja nikimsaidia mama shambani na kusubiri barua. Barua ilipokuja ilitoka Mbeya. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimejenga maabara ndogo ya utafiti wa pareto nje ya mji, upande wa Ilomba, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba kuliko nyumba. Pareto, kwa mdogo wenu asiyeijua, ni lile ua jeupe linalolimwa milimani kwetu, ambalo ndani yake mna dawa ya kuua wadudu. Watafiti walikuja kila kiangazi, wakakamua dawa katika maua, wakapima ni shamba gani lina dawa kali zaidi, kisha wakarudi kwao na matokeo. Sisi wasaidizi tulibaki mwaka mzima na chupa.

Nilifika kwa lori la mizigo, nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ambwene, msimamizi wa wasaidizi, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, aliyekuwa amesoma miaka mitatu tu kwa wamisionari. Alishika cheti changu kwa ncha za vidole, akakisoma mpaka chini, akanirudishia.

"Hiki kiweke mbali na tindikali," alisema.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa. Aliniweka juu ya kigoda katikati ya chumba cha kukamulia, akanitaka nikae mpaka kengele ya chai, halafu nimwambie kila kitu chumbani mle kinachoweza kunidhuru. Nilitazama, nikahesabu. Kengele ilipolia nikamtajia tindikali, chupa za vioo, mafuta ya kukamulia, swichi ya umeme na rafu iliyolemea upande mmoja. Nilijiona hodari. Mzee Ambwene alikubali yote matano, kisha akaniinua, akageuza kigoda nilichokuwa nimekalia. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka karibu wote.

Sikuwahi kufundishwa somo jingine kwa kigoda, lakini hilo halijanitoka.

Daftari la Hatari lilikuwa mali ya maabara, ila moyoni lilikuwa mali yake. Lilikuwa kubwa, la jalada jeusi, limechorwa mistari kwa rula. Kila kazi mpya iliandikwa humo kabla ya kuanza: ni kitu gani kinaweza kudhuru, kitamdhuru nani, kwa njia gani, na sisi tumefanya nini kukizuia. Chini yake sahihi. Bila sahihi, kazi haianzi, hata kama mtafiti ana digrii tatu. Ninyi leo mna fomu zilizopigwa chapa, zenye vijisanduku vya kutia alama, na ni nzuri. Nimeziona pia zikijazwa na mtu aliyekaa kantini.

Mzee hakuruhusu kujaza chochote kabla ya kuzunguka chumba mara tatu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kusimama wima, ukitazama rafu, dari na madirisha. Wa pili ulikuwa wa kuinama, macho yakiwa usawa wa meza. Wa tatu ulikuwa wa magoti. Unapiga magoti sakafuni, unatambaa, unatazama chini ya meza na kandokando ya kuta. Wakati wote huo unajiuliza swali lake moja: kikitoka, kitakwenda wapi? Hakuuliza kama kitatoka. Kwake chupa zote zilikuwa zimekwisha vunjika, zilikuwa zinangoja siku tu.

Magoti ya suruali yangu yaliisha kabla ya makalio. Mama alishangaa nilipokwenda likizo, akauliza kama huko Mbeya tunasali sana.

Naikumbuka maabara ile kwa pua. Maua makavu ya pareto yalisagwa kwenye kinu cha mkono, na vumbi lake lilitupigisha chafya mwaka mzima; mgeni aliyepita barabarani angedhani tuna mafua ya kudumu. Lakini hatukuwa na nzi. Chai tuliinywa kwa amani ambayo hata kwa Mkuu wa Wilaya haikuwepo. Unga wa maua uliwekwa kwenye chombo cha kioo chenye mirija, na juu yake ikapita etha, kimiminika chepesi kinachowaka upesi kuliko petroli. Etha ilipanda kwa joto, ikadondoka juu ya unga, ikajaa, halafu ikashuka yote mara moja kwa mlio wa mzee anayemeza chai ya moto. Vyombo sita vilipofanya kazi pamoja, ungedhani umeketi na wazee barazani. Kila kimoja tulikipa jina la mzee mmoja wa Ilomba, na wazee wenyewe hawakujua.

Etha inapenda joto dogo tu, na haipendi moto kabisa. Mvuke wake huuoni, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi. Unashuka, unatambaa sakafuni kama maji, unatafuta njia. Ukikuta cheche popote njiani, moto unarudi nyuma mpaka ulikotoka. Kwa sababu hiyo chumba cha kukamulia hakikuruhusiwa moto wa aina yoyote. Vyombo vilikaa katika makarai ya maji ya moto, na maji yale yalichemshwa kwa kuni kwenye banda la nje, mbali na jengo, yakaletwa kwa ndoo.

Aliyeyaleta alikuwa Gama.

Gama alikuwa Mngoni wa upande wa Songea, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mrefu, mwenye mabega ya kubeba. Alichemsha maji, aliosha vyombo, alideki sakafu za vyumba vyote. Kazi zake kwenye karatasi zilionekana ndogo, lakini hapakuwa na mtu aliyelijua jengo lile kama yeye. Siku ya pili tu ya kufika kwangu aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Iringa, Kalenga. Akaweka ndoo chini, akanitazama kwa huruma.

"Mhehe," alisema. "Basi mbwa wa hapa nitawafunga mimi mwenyewe."

Nikamjibu kuwa asihangaike, awafunge panya wake kwanza asije akakosa kitoweo. Hapo tukajuana. Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na kilichobaki ni sisi kutukanana bila kukasirika, wao wakituita wala mbwa, sisi tukiwaita wala panya. Mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote, anaweza kuchukua kofia yako akaivaa, na wewe huna haki ya kununa wala kumpeleka kwa mkubwa. Kwa mtu aliye mbali na kwao, mtani ni zaidi ya jirani. Nilipougua malaria mwaka wangu wa kwanza, Gama ndiye aliyeninywesha uji siku nne, na kila kijiko alikisindikiza na habari ya jinsi babu yangu alivyomkimbia babu yake akaacha hata ngao. Tulikula pamoja kila mchana kwa miaka mitano. Hakuwahi kuniita jina langu. Alikuwa akisema Mhehe, nami nikisema Mngoni, na mke wake, ambaye alikuwa mwenyeji wa Iringa, alikuwa akituambia tumekosa haya.

Naikumbuka siku ya zebaki. Mtafiti mmoja alikuwa amepewa chupa ya zebaki na wachimbaji dhahabu wa Chunya, akaileta kutuonyesha, na kama Mzee alivyojua siku zote, ikaanguka. Zebaki ikakimbia sakafuni kwa matone madogo, ikaingia kwenye nyufa za saruji. Mtafiti alicheka, akasema ifagiliwe. Mzee Ambwene hakucheka. Alifungua madirisha yote, akatuweka sote magotini, mtafiti akiwemo, kila mmoja na unyoya wa kuku na kipande cha karatasi, tukaikusanya tone kwa tone mpaka adhuhuri. Gama alitambaa nyuma yangu akinisifu kuwa sasa nimekaa kama ninavyokaa kwetu nikiwinda chakula. Mzee alijifanya hasikii, ila mabega yalikuwa yanamtikisika. Hiyo ilikuwa maabara yetu. Ningeweza kuandika kurasa nyingi za siku kama zile, na nadhani ninazirefusha kwa sababu najua kinachofuata.

Mwaka wa ile sahihi, kiangazi kilileta mtafiti mmoja mwenye haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, meli yake ya kurudi ilikuwa na tarehe, na sampuli zake zilikuwa nyingi. Baridi ya Mbeya ikamkamata. Maji ya Gama yalitoka bandani yakichemka, lakini yalipofika kwenye makarai yalikuwa ya kunawia mikono. Etha haikupanda. Wale wazee sita wa vioo walikaa kimya asubuhi nzima bila kumeza kitu.

Ng'ambo ya ukuta wa chumba cha kukamulia kulikuwa na chumba cha kuoshea vyombo. Ukuta ulikuwa wa matofali, mzima, bila mlango wala dirisha. Kila chumba kilikuwa na mlango wake wa nje. Mtafiti akapendekeza stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupampu, iwekwe katika chumba cha kuoshea, maji yachemkie pale, Gama ayazungushe hatua chache tu. Mzee Ambwene alikataa. Mtafiti akaomba tena baada ya wiki, Mzee akakataa tena, akamwambia aongeze kuni na blanketi la kufunikia ndoo. Hakueleza sana. Alikuwa mtu wa kukataa kwanza, kisha kwenda kutazama.

Halafu Mzee akaenda Rungwe kumwoza binti yake, kwa siku kumi.

Alipokuwa hayupo, mtafiti alikwenda kwa Mkuu wa maabara, na Mkuu akaniita mimi. Aliniambia kwamba Mzee ni mtu mwema lakini wa kizamani, kwamba mimi nimesoma, na kwamba kwa kuwa hayupo, nikague chumba cha kukamulia na kuweka sahihi. Alisema nitakuwa msaidizi wa kwanza kijana kuweka sahihi katika daftari lile. Nimeahidi kutoandika habari za vyeo, na hicho hakikuwa cheo. Kilikuwa mstari mmoja wa wino. Lakini nilitoka ofisini kwake nikitembea tofauti.

Kesho yake asubuhi nilivaa suruali mpya. Ilikuwa ya kaki, nimeipiga pasi ya mkaa mwenyewe, na mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Nilijua kwamba Mkuu na mtafiti watasimama wakiniangalia. Nilifanya mzunguko wa kwanza, nikatazama rafu na madirisha, nikasema kwa sauti ninachokiona. Nikainama, nikafanya wa pili. Nikapapasa ukuta wa matofali, nikaugonga, nikasema ni mzima. Ulikuwa mzima kweli.

Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa, bado ina maji. Nikasimama.

Gama alikuwa mlangoni na ndoo yake. Aliona nilivyosimama, akaelewa kabla yangu.

"Mhehe leo kavaa ya harusi," alisema. "Magoti kayaacha nyumbani."

Mkuu alitabasamu. Hakuwa anafahamu utani wetu wote, ila alijua upo. Mimi nikamwambia Mngoni anyamaze, aende akaangalie maji yake yasije yakamkimbia kama babu yake. Hakwenda.

"Na mfereji je?" aliuliza. "Maji ninayomwaga huku yanatokea kule. Mwaga ndoo moja, Mhehe, halafu zunguka unisalimie chumba cha pili, utanikuta nimelowa miguu. Au kwenu maji hayafundishwi shuleni?"

Nilicheka. Wote tulicheka. Nataka muelewe kwamba nilisikia kila neno. Chini ya meza ya ukutani kulikuwa na mfereji wa kutolea maji ya kudekia, umefunikwa kwa ubao, na kule chumba cha kuoshea kulikuwa na mfereji pia. Nilikuwa nimeiona yote miwili mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mfereji mmoja unaopita chini ya ukuta. Gama alikuwa akisafisha sakafu zote mbili kila siku, na alijua. Akaniambia, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo kwangu. Kama angeniita kando akaniambia kwa upole, "Bwana Kivamba, nina wasiwasi," ningeshtuka, ningepiga magoti hata matopeni. Lakini sisi hatukuwa tumewahi kuzungumza hivyo. Miaka mitano kila alichoniambia nilikipokea kwa kicheko, na hiki nacho nikakipokea hivyohivyo. Haikunijia kwamba yeye ndiye angekaa na ile stovu.

Hapo ndipo Mkuu aliponifungulia daftari. Katika nafasi ya njia ya kudhuru niliandika, "Hakuna, ukuta mzima." Nikaweka sahihi kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

Siku saba hapakutokea kitu. Maji yalifika yakichemka, vyombo vikameza, mtafiti akafurahi, na Gama mwenyewe alisema mgongo unamshukuru Mhehe. Mimi nilianza kufikiri kwamba Mzee atakaporudi nitamweleza kwa adabu kuwa mambo yamebadilika.

Siku ya nane baridi ilizidi, na mtafiti alikuwa amefunga madirisha. Nilikuwa chumba cha mizani. Chombo kimoja kilipasuka chini, bila kelele kubwa, kama kikombe tu, na etha yake yote ikamwagikia sakafuni. Nilimsikia mtafiti akisema neno la kukasirika. Nikainuka kwenda kumsaidia kufungua madirisha. Kabla sijafika mlangoni nilisikia mlio mmoja mzito, kama mtu amekung'uta blanketi kubwa, na haukutoka chumba cha kukamulia. Ulitoka ng'ambo ya ukuta.

Gama alikuwa amechuchumaa, ameinamia stovu kuipampu. Mvuke ulipita mferejini ukamkuta na uso wake pale. Moto ukampata yeye kwanza, halafu ukarudi mferejini ukaunguza chini ya meza ya mtafiti, ambaye alikuwa ameshakimbilia nje. Nilimfunika Gama blanketi la sufu, nikamvuta nje, nikamlaza penye nyasi. Hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini kumekuwa na giza.

Mzee Ambwene alirudi Jumatatu iliyofuata, wiki nzima baada ya siku aliyotarajiwa, kwa sababu barabara ya Rungwe ilimchelewesha. Alikuja moja kwa moja kwenye chumba, bado amevaa koti la safari. Akapiga magoti, akainua ule ubao, akatazama mferejini kwa muda mrefu. Kisha akaomba ndoo ya maji, akaimwaga, akasikiliza maji yakienda. Hakunigombeza. Hakunigombeza hata siku moja mpaka alipostaafu, na nilimngoja.

Uchunguzi ulifanyika. Alikuja bwana mmoja Mwingereza kutoka Dar es Salaam, asiyejua Kiswahili, mpole, mwenye maswali yaliyopigwa chapa. Mtafiti alisema alitegemea sahihi. Mkuu alisema alitegemea sahihi. Mimi nilisema nilikagua ukuta, na ukuta ulikuwa mzima. Halafu tukaenda hospitali, kwa sababu bwana yule alitaka kumsikia Gama, nami nikachukuliwa nitafsiri.

Gama alikuwa amefungwa bandeji kichwani mpaka puani, na mikono yote miwili. Mke wake alikuwa ameketi kando, ameshika ukingo wa shuka. Bwana yule aliuliza kama kabla ya ajali kuna mtu yeyote aliyetoa onyo juu ya mfereji. Nililitafsiri swali hilo kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikimtazama mtu asiyeweza kuniona. Nilikuwa najua, na yeye alijua, kwamba akisema ndiyo, kazi yangu imekwisha, na pengine si kazi tu.

"Nilisema kitu juu ya maji," alijibu. "Lakini nilikuwa natania tu. Sisi ni watani."

Nikatafsiri hivyo. Bwana akaandika. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba haukuwa utani, kwamba lilikuwa onyo na nililielewa kila neno, na kwamba sikupiga magoti kwa ajili ya suruali. Nilikuwa hata na lugha ya kulisemea, nilikuwa mkalimani. Niliufunga mdomo. Mke wa Gama aliinua uso akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo tena.

Tulipokuwa tunatoka nilibaki nyuma kidogo. Nikamwambia, "Pole, Mngoni." Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kwa mbwa wote wa Uhehe.

"Nimeshapoa, Bwana Kivamba," alisema. "Asante kwa kuja kunitazama."

Macho hayakurudi. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja. Mke wake alimchukua kwao Iringa, wakapanga chumba mjini, yeye akauza vitunguu sokoni, na Gama akajifunza kusuka viti vya ukindu kwa mkono mmoja na nusu. Nilimtembelea kila nilipokwenda likizo. Alinipokea vizuri. Aliniuliza habari za kazi, afya, Mzee Ambwene, mvua za Mbeya. Alimwambia mke wake anipe kiti kizuri. Nilijaribu kumchokoza. Siku moja nilimwambia kuwa viti vyake vinapinda kama mikuki ya babu yake, akajibu, "Ni kweli, Bwana Kivamba, nitajitahidi." Mtu akikukasirikia unaweza kumwomba radhi. Yeye alikuwa na adabu tu, na adabu haina mahali pa kuishikia.

Nilibaki kazini. Nikawa mtu wa magoti kuliko Mzee mwenyewe. Mifereji yote ya jengo lile niliichora kwenye karatasi, kila mmoja unakoanzia na unakoishia, na katika maabara zote nilizofanya kazi baadaye nilianza kwa kumwaga ndoo ya maji na kwenda kuitafuta. Mlikuwa mkinicheka kwa hilo, na mlikuwa na haki, mzee wa koti jeupe akizunguka jengo na ndoo. Nilimwuliza kila mfagiaji anachokijua, na akisema kwa mzaha, niliandika mzaha wake kama alivyousema. Sijui ni watu wangapi hawakuungua kwa sababu hiyo. Watu wasioungua hawaji kukuambia.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini mama yangu alifariki, Kalenga. Kwetu, msiba mkubwa hauendi bila watani. Wao ndio wanaowachekesha waliofiwa mpaka wakala chakula, wanaoigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanaozuia jeneza na kutaka kuku kabla hawajaliachia. Watu wa familia wanalia, watani wanafanya kazi. Nilimpelekea Gama habari, na alikuja, mke wake akimwongoza, kwa miguu kutoka barabara kuu. Wajomba zangu walifurahi kumwona Mngoni amefika. Wakamfanyia nafasi karibu na jeneza, wakangoja aanze.

Aliomba aketishwe na wageni. Alikaa pale kwenye benchi mpaka mwisho, kofia magotini, akanyamaza kwa heshima. Wakati wa kuaga alinipa mkono ule uliojikunja, akasema, "Pole kwa msiba, Bwana Kivamba. Mungu ampumzishe mama." Mama yangu alizikwa kimya.

Gama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa mzee. Hakunitania tena. Sahihi ile ilimgharimu yeye macho yake na mkono wake. Mimi haikunigharimu kazi wala jina. Ilinigharimu mtu mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kuniambia ukweli wowote, na sikupata mwingine.